Mtoto hupatwa na kifafa alfajiri tu: chanzo ni nini, na ni nani wa kuambiwa?

#1 Baba Akoth, Nyalenda, Kisumu

Wanajukwaa, salamu. Binti yetu ana umri wa miaka 8, na tangu mwaka jana amekuwa akipatwa na kifafa kisichofanana na kile ambacho wengi wetu tumezoea kukiona. Humjia alfajiri, kabla hajaamka sawasawa. Upande mmoja wa mdomo huanza kuchezacheza, mate humtiririka hadi kwenye mto, naye hunitazama kwa macho ya mtu anayeelewa kila ninachomwambia, ila hawezi kutamka neno. Baada ya muda mfupi hutulia, hukaa kitandani, kisha huuliza kama chai iko tayari. Ni mara chache tu mwili mzima ulikakamaa na kutikisika akapoteza fahamu, na hapo ndipo tulipompeleka hospitalini akaanzishiwa dawa ya kifafa iitwayo kabamazepini, asubuhi na jioni.

Nyumbani kila mtu ana maelezo yake. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, anasema ni jicho la mtu. Shemeji yangu anasema ni ile malaria iliyompanda kichwani akiwa na miaka 2. Daktari alitusisitizia tusikatize dawa, lakini kuhusu chanzo hakusema mengi, kwani foleni ilikuwa ndefu. Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini iwe alfajiri peke yake? Pili, ni nani wa kuambiwa? Mimi naona mwalimu wa darasa ajue. Mke wangu anasema habari ikishaenea mtaani hairudi.

#2 Nyar Ahero

Pole sana, Baba Akoth. Hilo ni degedege tu. Mtoto wangu wa pili alikuwa nalo, tukawa tunamtibu homa, na alipoanza shule likaisha lenyewe. Usiharakishe kumwita mtoto mgonjwa wa kifafa.

#3 Muuguzi Mstaafu, Kakamega

Dada Nyar Ahero, ni kweli kwamba degedege huisha, na watoto wengi walio nalo hawapati kifafa baadaye. Hata hivyo degedege linalotokana na homa huwapata watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na lazima homa iwepo. Mtoto wa miaka 8 anayetikisika mwili ukiwa baridi hayumo humo. Kifafa, kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, ni mtu kupatwa mara 2 au zaidi bila homa wala chochote kingine kilichosababisha papo hapo, na zipishane kwa zaidi ya saa 24.

Kuhusu alfajiri: ipo aina moja ya kifafa cha watoto ambayo hujitokeza usingizini au mtoto anapokaribia kuamka, huanzia upande mmoja wa uso, huleta mate mengi na kumfunga mtoto kauli huku akili yake ikiwa macho. Huanza kati ya miaka 3 na 13, na karibu wote huachana nayo wanapopevuka. Maelezo yako yananikumbusha hiyo, lakini mimi siwezi kumpima mtoto kupitia simu. Anayestahili kusema ni daktari aliyeona kipimo cha umeme wa ubongo. Kabla ya hapo, likitokea tena, mmoja wenu amshike mtoto na mwingine arekodi kwa simu kuanzia mwanzo. Daktari hupata mengi katika picha ya dakika moja kuliko katika masimulizi yetu, kwa sababu sisi wazazi tukishaogopa huona dakika 1 kama nusu saa.

#4 Kijana wa Matayos, Busia

Mimi naomba kuuliza jambo ambalo watu huona haya kulitaja. Je, mnakula nyama ya nguruwe? Huku kwetu nguruwe huzurura kila mahali, na wataalamu wamekuja mara nyingi kutueleza kwamba mdudu wa nguruwe huingia katika ubongo na kuleta kifafa. Nyama isipoiva vizuri, mtoto huanguka.

#5 Baba Akoth

Ndugu wa Matayos, nyumbani kwetu sisi ni Wasabato. Nguruwe haingii hata langoni.

#6 Daktari wa Mifugo, Bungoma

Hapo ndipo wengi hupotea, kwa hiyo niruhusuni nieleze polepole. Anayekula nyama ya nguruwe yenye lava (mnyoo akiwa bado mchanga) na isiyoiva hupata tegu, yule mnyoo mrefu anayekaa katika utumbo. Mtu huyo huyo hutoa mayai ya tegu anapokwenda haja kubwa. Mayai hayo yakifika kinywani mwa binadamu, iwe kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji au kwa mboga iliyomwagiliwa maji machafu, ndipo lava huweza kusafiri na kujenga vifuko katika ubongo. Kwa maneno mengine, anayekula nguruwe hujitafutia mnyoo, na anayepata kifafa anaweza kuwa jirani yake ambaye hajawahi kuonja nyama hiyo. Kwa hiyo Usabato wa Baba Akoth haumwondoi mtoto katika hesabu, ingawa haumthibitishi kuwa na ugonjwa huo. Kinachosaidia ni choo kinachotumiwa na kila mtu, kunawa mikono, na kumfungia nguruwe asizurure. Vifuko hivyo huonekana kwa picha ya kichwa inayopigwa kwa mashine hospitalini.

#7 Ingwe Daima

Kumbe tumekuwa tukiwasingizia wala nguruwe wa Busia bure. Samahani kwa shemeji zangu wote wa Matayos.

#8 Mama Pacha, Njoro

Mimi nina pacha, na mmoja wao ana kifafa tangu utotoni. Alichelewa kulia alipozaliwa. Mwenzake alitoka kwanza akalia, yeye akakaa kimya muda mrefu, na daktari alituambia kwamba ubongo ulikosa hewa. Kwa hiyo wanaotafuta chanzo wasiruke siku ya kuzaliwa. Alianza kwa fenobabitali, vidonge vya usiku, na kifafa kikapungua sana, ila mtoto akawa hatulii hata kidogo: anapanda meza, anapiga wenzake, halali. Nilidhani ni utundu hadi kliniki wakaniambia kwamba dawa hiyo huwafanya watoto wengine hivyo, nao wakambadilishia.

Lakini Baba Akoth hajauliza kuhusu moto, na mimi ndilo ningeanza nalo. Mwanangu ana kovu kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono kwa sababu aliangukia mafiga. Siku hizi jiko letu limeinuliwa kwa udongo hadi kiunoni mwangu, na mlango wa bafu hauna komeo. Anaoga kwa karai, na mtu yuko nje akizungumza naye. Akinyamaza, tunaingia.

#9 Mzee wa Mumias

Watoto wangu, mnataja minyoo na umeme, lakini magonjwa haya yalikuwako kabla ya hospitali. Mpwa wangu alianguka tangu akiwa mdogo, hasa usiku. Bibi mmoja alimpa mizizi akawa anakunywa kila mwezi mwandamo, na alipofika miaka 14 hakuanguka tena. Leo ana watoto 5 na anaendesha trekta ya miwa. Mtasema nini juu ya hilo?

#10 Muuguzi Mstaafu, Kakamega

Shikamoo, Mzee. Ningesema kwamba umri wa miaka 14 ndio hasa ambao aina ile niliyoieleza hapo juu huondoka yenyewe, hata mtoto akinywa maji matupu. Mizizi imepewa sifa ya kazi iliyofanywa na umri.

#11 Mzee wa Mumias

Marahaba, binti yangu. Basi mtoto wa Baba Akoth akiacha kuanguka akiwa na miaka 14, ni nani atakayepewa sifa, umri au kidonge chako?

#12 Ingwe Daima

Mzee amefunga bao dakika ya 90.

#13 Mfamasia wa Mtaa, Kisumu

Swali la Mzee ni la haki, na jibu lake ni kwamba kidonge hakikusudiwi kuponya bali kuzuia. Huzuia mtoto asianguke leo kwenye maji au kando ya sufuria inayochemka, huku tukisubiri kuona kama ubongo utatulia. Ndiyo sababu madaktari wengi hungoja mtoto akae takriban miaka 2 bila kuanguka kabla ya kufikiria kupunguza dawa, na huipunguza kidogo kidogo. Kuikatiza ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokoma, ambacho ni hatari kwa maisha.

Sasa, kuhusu alfajiri, kuna uwezekano ambao haujatajwa. Baba Akoth, dozi ya jioni humpa saa ngapi? Wazazi wengi huiweka pamoja na chakula saa kumi na mbili, na ya asubuhi ikacheleweshwa hadi baada ya uji. Kufikia alfajiri dawa imepungua katika damu. Jaribuni kuzitenganisha kwa saa 12 kamili, kisha mwambieni daktari matokeo. Jambo la pili, na hili ni muhimu katika eneo letu la ziwa: mtoto akipata malaria, anayewaandikia dawa aambiwe kwamba anatumia kabamazepini, kwa sababu hiyo na fenobabitali hupunguza nguvu ya dawa ya malaria tunayoitumia sana, ile yenye lumefantrini. Msiache dawa ya kifafa ili mnywe ya malaria.

#14 Baba Akoth

Nashukuru, Mfamasia. Dozi ya jioni kweli tulikuwa tukimpa mapema, na tutairekebisha. Lakini maelezo hayo hayawezi kuwa yote, kwa kuwa alfajiri zilianza kabla hajaonja kidonge chochote.

#15 Mfamasia wa Mtaa, Kisumu

Hilo ni sahihi. Dozi yaweza kueleza kwa nini zinaendelea, si kwa nini zilianza.

#16 Mhudumu wa Afya, Ndhiwa

Nisaidie upande wa shemeji, maana naona ameachwa peke yake. Malaria kali inayoingia ubongoni inaweza kumwachia mtoto kifafa, nacho kikajitokeza miezi au miaka baada ya homa yenyewe kupona. Nimewatembelea watoto wa namna hiyo. Ni mojawapo ya sababu zilizonifurahisha chanjo ya malaria ilipozinduliwa hapa Kaunti ya Homa Bay mwezi Septemba 2019, kwani mtoto anayekingwa dhidi ya malaria kali anakingwa pia dhidi ya yanayoifuata. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba robo ya kifafa kinaweza kuzuilika: kwa uzazi salama, kwa kuzuia malaria, homa ya uti wa mgongo na tegu, na kwa kuepusha majeraha ya kichwa. Hata hivyo, kwa karibu nusu ya wagonjwa duniani chanzo hakijulikani kabisa, kwa hiyo Baba Akoth asishangae daktari asipokitaja.

#17 Mwalimu wa Bondeni, Nakuru

Nimesoma yote, na naona mmelikimbilia swali la kwanza mkaliacha la pili. Mwalimu aambiwe. Nasema hivyo kwa sababu nimekuwa darasani mtoto alipoanguka bila mtu yeyote kujua ana nini. Watoto 50 walitaka kutoka kwa mlango mmoja, wakipiga kelele kwamba anayeguswa na povu lile ataambukizwa, na mwenzangu alikuja mbio na kijiko ili amtenganishe meno. Kifafa hakiambukizwi kwa povu, mate wala mkojo. Kijiko huvunja meno na huweza kumziba pumzi. Siku hizi katika shule yetu kila mwalimu anajua: ondoa madawati yaliyo karibu, weka sweta chini ya kichwa, legeza tai, mgeuze kwa ubavu mtikisiko unapopungua, tazama saa, usimshikilie kwa nguvu wala kumpa maji. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, gari litafutwe.

Kuna watoto wengine ambao hawaanguki kabisa. Nilikuwa na msichana aliyekuwa akikatika katikati ya sentensi, macho yamekwama ubaoni kwa sekunde chache, kisha akaendelea. Aliadhibiwa na walimu kadhaa kwa kutosikiliza kabla ya mama yake kumpeleka kliniki, ambako aliambiwa apumue kwa nguvu mfululizo, na hali ile ile ikamjia mbele ya daktari. Kilikuwa kifafa.

#18 Mfamasia wa Mtaa, Kisumu

Nyongeza ndogo kwa Mwalimu: aina hiyo ya kukodoa macho huweza kuzidishwa na kabamazepini, dawa ile ile inayomfaa mtoto mwingine. Ndiyo sababu hamtakiwi kugawana vidonge kwa jirani kwa kuwa tu "naye ana kifafa".

#19 Mama Akoth

Mimi ndiye mke anayetajwa katika ujumbe wa kwanza, na kwa kuwa mume wangu amewaambia watu wote wa Kenya jambo ambalo nilimwomba asimwambie mwalimu, ni heri niseme mwenyewe. Sioni haya kwa ajili ya mtoto wangu. Jirani aliposikia tu kwamba binti alilazwa, aliwakataza watoto wake kula naye sahani moja. Binti aliniuliza kama mikono yake ni michafu. Ninyi mnasema "aambiwe, aambiwe", lakini hamtakuwepo atakapofika umri wa kuolewa na watu wa upande wa pili waulize kuhusu ukoo wetu.

#20 Nyar Ahero

Mama Akoth, pole. Mimi nakuelewa. Kwetu pia wakisikia ugonjwa huo wanahesabu ukoo mzima.

#21 Kondele Kwanza

Mama, naomba niseme kwa heshima, kwa kuwa mimi ndiye yule mtoto, ila nimekua. Nina kifafa tangu nikiwa na miaka 6. Wazazi wangu walinificha kwa upendo, na nilipokwenda shule ya bweni niliambiwa nisimwambie mtu. Kwa sababu hakuna aliyejua, nilipewa kitanda cha juu. Vidonge vilikaa chini ya sanduku, na nilivimeza tu bweni lilipokuwa tupu, yaani siku nyingi sikuvimeza. Nilianguka kutoka kitanda kile usiku, nikavunjika mfupa wa bega, na asubuhi shule nzima ilijua, isipokuwa ilijua kwa njia mbaya: wengine walisema ni pepo, wengine ni bangi.

Hapa sikubaliani kabisa na Mwalimu wa Bondeni. Wa kwanza kuambiwa si mwalimu, ni binti mwenyewe. Mimi nilijua jina la ugonjwa wangu kutoka kwa mwanafunzi mwenzangu. Kama anaweza kuuliza kuhusu mikono yake, anaweza kujibiwa. Na kuhusu ndoa, mke wangu aliambiwa kabla ya mahari, na baba yake alilolipinga si kifafa bali kazi yangu ya bodaboda, ambayo kwa kweli alikuwa na haki ya kuipinga. Niliiacha. Sasa nina duka la vipuri.

#22 Mwalimu wa Bondeni, Nakuru

Naukubali utaratibu wako, ndugu, lakini mwalimu asisubiri mwaka mzima huku familia ikitafuta maneno ya kumwambia mtoto.

#23 Mchungaji, Vihiga

Jicho limetajwa, na sasa pepo. Maandiko yenyewe yanasimulia mvulana aliyekuwa akianguka motoni na majini, na nimewasikia wahubiri wakiyatumia kuwaambia wazazi waache dawa. Mimi huwaombea watoto hawa na sitaacha, lakini mzazi akija kwangu namwuliza kwanza kama mtoto amemeza vidonge vya leo. Sitaki pia mtoto mwenye kifafa afungishwe au akeshe usiku kucha katika mkesha, kwa sababu nimeona kwamba asipolala, huanguka.

#24 Muuguzi Mstaafu, Kakamega

Mchungaji amegusa jambo kubwa. Kukosa usingizi huamsha kifafa kwa watoto wengi, sawa na homa na kuruka dozi. Baba Akoth, binti hulala saa ngapi, na huamshwa saa ngapi kwa ajili ya shule?

#25 Baba Akoth

Huamshwa saa kumi na moja kasorobo, kwa sababu basi la shule hupita mapema. Sikuwa nimeyaunganisha mambo hayo mawili.

#26 Mzee wa Mumias

Kufikia sasa tuna jicho, malaria, minyoo, umri, dozi na basi la shule. Mtoto mmoja, kesi sita.

#27 Mama Akoth

Mzee, umenichekesha, na sijacheka katika jambo hili kwa muda. Ndugu wa Kondele, nimesoma ujumbe wako zaidi ya mara moja. Nitazungumza na binti mwishoni mwa juma. Kuhusu mwalimu, nimekubali aambiwe mmoja, yule wa darasa, na nitakwenda mimi. Jirani sitamwambia kitu. Mama mkwe bado anataka mtoto apelekwe kwa mtu wa kuondoa jicho, na sijui nimjibu vipi bila kumvunjia heshima.

#28 Mama Pacha, Njoro

Usishindane naye. Mpe kazi. Mama mkwe wangu ndiye mwenye kusimamia vidonge vya jioni, na hakuna anayethubutu kuruka dozi mbele yake. Mwache aombe na afanye la nje ya mwili, lakini mtoto asinyweshwe kitu, asichanjwe kwa wembe, na dawa isikatizwe. Tafuteni pia wazazi wengine. Chama cha Ustawi wa Watu Wenye Kifafa nchini, kinachojulikana kama KAWE, kipo tangu 1982, na kupitia watu wa namna hiyo nilijifunza zaidi kuliko nilivyojifunza katika foleni.

#29 Ingwe Daima

Na kuogelea je? Sisi wa kando ya ziwa watoto hawaulizi ruhusa.

#30 Muuguzi Mstaafu, Kakamega

Aingie majini akiwa na mtu mzima anayejua kuogelea na anayejua kwamba ana kifafa, na wasipite kina cha kifua chake. Peke yake au na watoto wenzake tu, hapana. Mpira, kukimbia na kuruka kamba acheze bila wasiwasi.

#31 Mama Akoth

Tumepewa rufaa kwa ajili ya kipimo cha umeme wa ubongo. Juzi nilimsuka mistari kwa ajili ya kufungua shule. Je, kuna tatizo?

#32 Muuguzi Mstaafu, Kakamega

Fumua yote, mama, umwoshe kwa sabuni na usimpake mafuta, kwa sababu vidude vya kipimo hubandikwa kwenye ngozi ya kichwa. Ulizeni mapema kama wanataka alale kidogo usiku wa kuamkia siku hiyo ili asinzie wakati wa kupimwa. Wakisema hivyo, kesheni naye kwa zamu, na asiachwe peke yake njiani. Dawa zake ameze kama kawaida, isipokuwa wawaambie vinginevyo. Kipimo kikitoka safi hakimaanishi kwamba hana kifafa, kwa hiyo ile video ya simu mwende nayo.